Daftari la Mita Elfu Tano

Hewa ya juu haina harufu ya hatari.
Haikabi koo, haiwashi macho.
Inakuchekea tu, halafu inakupunja
kidogo kidogo, kama muuza duka
anayeegemeza kidole kwenye mizani.

Mimi ni Zunilda Puca, fundi wa nyaya,
mzaliwa wa Socaire, kijiji cha mawe na kinoa.
Kazi yangu ni kutibu masikio
ya zile sahani nyeupe zinazosikiliza nyota
juu ya jangwa la Atakama,
ambako kila pumzi ni nusu ya pumzi.

Kabla ya kupanda, mwuguzi Fermín Colque
hutubana kidole kwa kibanio chenye taa nyekundu,
kisha husema: Toa saba kwenye mia. Endelea.
Huku chini ni mchezo wa watoto.
Kule juu, siku ile ya Agosti,
nilimjibu redioni kwa sauti ya mtu aliyeshiba:
tisini na tatu,
themanini na sita,
sabini na Jumanne.
Nikasubiri anisifu.

Ubongo ni ratili tatu za nyama laini,
lakini hula sehemu ya tano ya hewa ya mwili mzima
na hauweki hata kibaba.
Akiba haiozi: methali hiyo haijaufikia.
Tumbo likinyimwa hunguruma,
mguu ukinyimwa huingia ganzi, ukakuonya.
Ubongo haulii.
Hufunga vyumba kimyakimya, kimoja baada ya kingine,
na cha kwanza kuzimwa taa
ni kile anamokaa mkaguzi.

“Vaa mrija,” Fermín alisema.
“Nimeuvaa.”
Mrija ulikuwa unaning'inia shingoni,
unaipulizia oksijeni zipu ya koti langu.

Ndipo nikatoa daftari,
maana akili ilikuwa inang'aa,
inang'aa kama chumvi ya jangwani saa sita,
na niliogopa hekima ile itapotea
nisipoiandika.

Jioni, kambini, mita elfu mbili chini yake,
chai ya chachakoma ikifuka mkononi,
nikaisoma.

Waya mweupe ni shangazi wa waya wa buluu.
Usiwatenganishe mbele ya wageni.
Boliti zote zimekubali.

Nilicheka hadi chai ikamwagika.
Chini yake, mwandiko ukiteleza kuelekea ukingoni
kama mtu anayetafuta mlango:

Ukishuka, mpigie mama.
Mwambie baridi imepungua.

Mama tulimzika Machi.
Mimi ndiye niliyeshika kamba ya kushoto,
nikaisikia ikilegea jeneza lilipotua.
Na bado kule juu, kwa saa nzima labda,
alikuwa jikoni Socaire anamenya viazi,
simu iko karibu na jiko,
na mimi nilikuwa na habari ya kumpa.

Sahani ile ilishinda kiziwi usiku kucha kwa ajili yangu.
Walinikata mshahara wa siku tatu. Haki yao.
Fomu ilitaka nieleze kosa, kwa herufi kubwa.
Nikaeleza la waya.

Siku hizi navaa mrija mapema, tangu kituo cha walinzi,
nausukuma puani mpaka unauma.
Fermín huniuliza, nami hutoa saba zangu
bila kuyumba, hadi inapobaki mbili.
Hunipigia tiki na kumwita anayefuata.

Ila nikitoka themanini na sita
huwa nasita kidogo, Fermín hudhani navuta pumzi.
Mama alikuwa na zamu zake za kumwagilia shamba,
maji ya mfereji hayamsubiri mtu,
kwa hiyo tulikuwa na siku moja tu ya simu.
Jumanne.

Sabini na tisa, nasema.
Sabini na mbili.